Nusu Milimita

Pistoni ilikuwa bado ya moto Geji alipoipokea kwa kitambaa. Hata kabla hajaipima alijua kuna jambo. Juu ya kichwa cha pistoni, chini ya masizi, palikuwa na tarakimu mbili ndogo zilizogongwa kiwandani. Akazisugua kwa kidole gumba. Tano. Sifuri.

Akazifunika upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Pima," alisema baba yake nyuma yake.

"Napima, Baba."

"Mbona unachelewa?"

"Ni moto."

Haikuwa ya moto kiasi hicho. Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya bati la kibanda cha ukaguzi, na nje ya kamba watu walikuwa wamejazana, wengine wamebeba watoto mabegani, wote wakimngoja yeye. Jina lake halisi wengi hawakulijua. Walimwita Geji, yaani kipimo, kwa sababu ya vile vipimo alivyovaa shingoni kila Jumapili, naye alilipenda jina hilo. Alikuwa msichana pekee aliyewahi kupewa kibanda kile. Neno lake lilitosha kumpa mtu ushindi au kumnyang'anya, na kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kusema amependelea.

Sheria ya mbio zile ilikuwa nyepesi, hata wauza maji waliijua. Pikipiki iwe ile ile unayoendea kazini. Siku sita inabeba mizigo na abiria. Siku ya saba unavua vioo, unafungua keria, unabandika namba, unaingia uwanjani. Ndani ya injini kila kitu kiwe cha saizi kilichotoka nayo kiwandani. Mbio zikiisha, watatu wa kwanza hufunguliwa injini mbele ya watu. Waliobaki huenda nyumbani na siri zao.

Mkate hakuwahi kuwa miongoni mwa watatu. Miaka miwili alikuwa mtu wa nafasi ya saba, ya tano, ya tisa. Alisambaza mikate ya tanuri moja kila asubuhi, kreti nne nyuma ya pikipiki, ndiyo maana akaitwa hivyo, na mashabiki wake, ambao hawakuzidi kumi, walizoea kupiga kelele "Mkate moto! Mkate moto!" hata akiwa wa mwisho. Leo alikuwa wa kwanza. Katika kona ya mwisho alimpita mpinzani wake Mwewe kwa ndani, goti nusura liguse lami, na uwanja mzima ukasimama. Geji pia alisimama. Alijisahau, akapiga makofi kama shabiki, mpaka baba yake akamtazama.

Sasa alishika kipimo, akazungusha kishikio taratibu, akasoma. Akasoma mara ya pili. Mara ya tatu alikuwa hasomi tena, anatafuta namba nyingine mahali ambapo haikuwepo.

"Sema kwa sauti, watu wasikie."

"Imezidi," alisema Geji.

"Kwa kiasi gani?"

"Nusu milimita."

Mwewe ndiye aliyecheka wa kwanza. "Kumbe! Mkate umetiwa hamira!"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kikageuka zomeo, na katikati ya zomeo neno "mwizi" likatoka mahali, likaokotwa na mdomo mwingine, na mwingine.

Mkate alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mezani, kofia ngumu kwapani, uso bado una jasho la ushindi. Aliitazama pistoni bila kuelewa. Kisha alielewa. Geji aliona kwa pembe ya jicho jinsi alivyoelewa, kwa sababu mabega yake yalishuka, halafu akageuka kumtazama yeye.

Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuifungua injini ile.

Miezi mitatu nyuma, pikipiki ya Mkate ilianza kutoa moshi wa bluu. Wiki ile ile mama yake alilazwa, na Mkate akawa anashinda hospitali, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Geji aliiburuta pikipiki mwenyewe hadi karakana ya baba yake, akaifungua, akaona silinda imelika. Akafanya kile alichokifanya mara nne tano kila wiki kwa pikipiki za watu wa kazi: akaichonga silinda nusu milimita, akaivisha pistoni ya hamsini, iliyozidi kwa nusu hiyo hiyo, akaifunga. Mikono ilikwenda yenyewe. Mawazo yake yalikuwa hospitali, kwa yule kijana aliyekaa kwenye benchi na chupa ya chai aliyosahau kuifungua. Mbio hazikumjia akilini hata kidogo. Na ili asimwongezee mzigo wa shukrani, Mkate alipomuuliza alimwambia, "Nimeisafisha tu. Usiniulize maswali." Naye hakuuliza.

"Kijana," alisema baba yake Geji, mkaguzi mkuu, kwa sauti yake ya kibandani ambayo haikuwa na baba ndani yake. "Nani alifungua injini hii mara ya mwisho?"

Kelele zilipungua. Geji alikuwa na muda wa kusema. Ulikuwa muda mrefu kabisa, wa kuvuta pumzi na kuitoa. Maneno yalikuwa matatu tu: ni mimi, Baba. Aliyahisi ulimini. Akaona nyuso zile nje ya kamba, akawaona mafundi wanaume ambao walikuwa wakingoja siku kama hii kwa miaka mitatu, akamwona baba yake aliyepigania apewe kibanda. Akageuka, akawapa wote kisogo, akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Pikipiki ni yangu, Mzee," alisema Mkate. "Kilichomo ndani ni changu."

*

Jumatatu Geji hakula mchana wala hakufanya kazi ya maana. Jumanne aliharibu silinda ya mteja, akaichonga ikapita kiasi, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mwanafunzi. Baba yake aliiokota, akaitazama, akaiweka kwenye pipa la vyuma chakavu.

Jambo aliloligusia lilikuwa jingine.

"Wiki ijayo wazee wa Mkate walikuwa waje hapa kuleta posa," alisema, akifuta mikono. "Nimetuma ujumbe wasisumbuke."

"Baba!"

"Baba nini? Nilikwambia tangu mwanzo. Mtu wa mbio ni mtu wa njia za mkato. Ukasema, Baba, huyu si kama wengine, huyu akipewa mkate mmoja wa ziada anaurudisha tanurini. Haya. Umempima mwenyewe kwa mkono wako."

Geji alirudi kwenye mashine. Simu ilikuwa mfukoni. Tangu Jumapili alikuwa ameandika "nisamehe" mara nyingi kiasi kwamba simu ilikuwa ikimalizia neno lenyewe, naye kila mara alilifuta. Msamaha wa kwenye simu kwa aibu ya mbele ya watu elfu! Hata yeye aliona haufiki. Mkate hakupiga. Na jambo lililomuuma zaidi ni kwamba hakuwahi kumlaumu, wala kumtumia mtu.

Mkutano wa chama cha mbio ulipangwa Jumamosi. Kila mtu alijua utakavyokwenda: jina la Mkate litafutwa, na karatasi itabandikwa langoni pa uwanja, jina na picha, chini ya maandishi "WADANGANYIFU." Karatasi za namna hiyo hazikubanduliwa. Kulikuwa na moja ya mtu aliyekwisha kuwa babu.

Alhamisi, saa nane mchana, Geji alivua ovaroli lake la kazi, akanawa mikono kwa sabuni mara tatu, akaenda kwao Mkate.

*

Mama yake Mkate alikuwa akishona sare za shule. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, moja yake na nyingine ya mdogo wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Mdogo, na katikati yao mlima wa kola nyeupe.

"Karibu, mwanangu, karibu!" Mama alinyanyuka nusu, akaondoa rundo la kola kwenye kiti kilichokuwa karibu na feni. "Kaa hapa. Pale jua linachoma."

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba," alijibu Mama.

Mama Mdogo aliinamia kitambaa. Alikanyaga cherehani yake mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema, "Marahaba. Kwa hiyo ndiye huyu aliyeshika kipimo."

"Ndiye mimi, Mama Mdogo."

"Ungeshindwa kusoma siku moja tu? Macho yangekuuma kidogo, ukasema, jamani leo sioni?"

"Muache mtoto," alisema Mama. "Alikuwa kazini."

"Kazini! Na sisi tuko kazini. Leo asubuhi mwalimu kaja kuchukua sare, kahesabu suruali mara mbili mbele yangu. Mara mbili! Miaka sita hajawahi kuhesabu. Nimemwambia, Mwalimu, mwizi wetu ni wa pistoni, suruali haibi."

Mama alileta maji. Kabla ya kumpa, aliifuta glasi kwa upindo wa kanga yake, akaitazama kwenye mwanga, akaifuta tena. Geji alizipokea zile taratibu zote ndogo kama mtu anayezabwa makofi.

"Usimsikilize," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Ana uchungu, ndiye aliyemtunza nilipolazwa. Mwanangu aliniambia, Geji akija usimuulize lolote, mpe kiti tu. Nami sikuulizi." Akakaa, akachukua kola. "Eti aliuziwa ile pistoni dukani, hakuangalia. Nikamwambia, wewe unayeangalia tarehe ya mkate hata wa kula mwenyewe, pistoni usiiangalie? Akacheka. Nikajua kuna mtu anamficha. Nikaacha. Mwanaume akiamua kumficha mtu, hata mama yake hamwambii."

Geji alishika glasi kwa mikono miwili, asiweze kunywa.

Kengele ya baiskeli ililia nje. Injini ilikuwa bado imezuiwa na chama, ndani ya mfuko uliofungwa kwa waya, na Mkate alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli ya jirani. Aliingia akiwa amelowa mgongo mzima, kreti mbili tupu mkononi. Alipomwona Geji alisimama mlangoni.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Umekonda."

"Ni siku nne tu."

"Basi umekonda haraka."

Mama Mdogo aliguna. Mama akamkanyaga mguu chini ya meza, wala hakuficha.

*

Walitoka ua wa nyuma, kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka mawili yaliyokuwa yakikauka. Mkate aligeuza kreti moja, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Kaa."

"Nikikaa nitashindwa kusema."

"Basi sema umesimama."

"Ile pistoni niliiweka mimi."

"Najua."

"Najua kuwa unajua! Usinijibu hivyo." Machozi yalikuwa yameshafika, akayazuia kwa hasira. "Silinda ilikuwa imelika. Nikafanya kama ninavyomfanyia kila mtu. Sikukumbuka mbio, naapa. Nilikukumbuka wewe, mbio zikanitoka. Halafu Jumapili nikaiona ile namba, na Baba akauliza, na mimi..." Akashindwa.

Mkate alikaa yeye kwenye kreti. Alikuwa na vidole virefu, na sasa alivifungamanisha, akavitazama.

"Miezi mitatu haijatoa moshi," alisema. "Sijachelewesha mkate hata siku moja. Ulinifanyia wema, Geji. Kwa hilo sina kinyongo."

"Kwa nini hukusema? Ungenitaja tu. Ungenyoosha kidole."

"Nikunyooshee kidole mbele ya wale? Mwewe angekula jina lako mwaka mzima. Wangesema mkaguzi anamtengenezea mchumba wake. Kila injini uliyowahi kuipitisha wangeitilia shaka, na baba yako naye." Alivuta pumzi. "Mimi nikifutwa nitabaki na pikipiki na mikate. Wewe ukifutwa, nani atampa tena msichana kile kibanda?"

"Kwa hiyo unataka ninyamaze."

"Jumamosi nitasema nimekosa. Watanifuta. Itaisha."

Ilikuwa njia iliyofagiliwa, hata kokoto alikuwa ameziondoa. Geji aliona jinsi ambavyo angeweza kuipita, na akaona haya zaidi kwa sababu sehemu moja ya moyo wake ilikwisha kuinua mguu.

"Na sisi?" aliuliza. "Baba ametuma ujumbe wazee wasije."

"Nimesikia."

"Nikinyamaza, Baba hatakukubali kamwe. Unalijua hilo."

"Baba yako ningemsubiri. Hata miaka." Mkate aliinua uso, na sasa ile hasira aliyoificha siku nne ikaonekana, ndogo, imechoka. "Unataka nikwambie kilichoniuma? Si pistoni. Si mwizi, wala hamira ya Mwewe. Ile hata mimi nusura nicheke. Nilisimama pale watu elfu wananizomea, nikatafuta uso mmoja tu. Usingesema kitu, sawa. Ungenitazama. Nilitafuta uso nikakuta kisogo."

Shuka lilivimba kwa upepo likawagusa wote wawili, likarudi.

"Nakupenda," alisema Mkate, kwa upole, kama anayemweleza njia mgeni. "Lakini siwezi kuoa kisogo, Geji."

Alisimama, akachukua kreti zake. Tanuri lilikuwa likimngoja kwa mzigo wa jioni. Alipopita karibu naye alisita, akamwondolea uzi mweupe wa cherehani uliokuwa umenasa begani, akaenda.

Geji alibaki kati ya mashuka. Alilia kwa dakika chache, kilio kibaya kisicho na sauti, mdomo wazi. Kisha aliingia ndani.

*

Cherehani zote mbili zilisimama alipotokea mlangoni.

"Mama," alisema, "mtu ambaye mwanao anamficha ni mimi. Pistoni niliiweka mimi, wakati ule ulipolazwa. Hakuijua. Na alipoulizwa mbele ya watu, mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza, akabeba yeye."

"Ohoo!" Mama Mdogo alipiga kofi mezani, kola zikaruka. "Si nilisema? Dada, si nilisema? Mtoto wa mwenzio anahesabiwa suruali..."

"Nyamaza kidogo, mdogo wangu."

Mama alimtazama Geji. Hakuwa na hasira usoni, na Geji aliitamani hiyo hasira kama mgonjwa anavyotamani maji baridi.

"Kwa nini umeanza na mimi?" Mama aliuliza.

"Kwa sababu wewe ndiye uliyenipa kiti."

Mama alichomoa sindano iliyokuwa kifuani pa gauni lake, akaichomeka kwenye mto wa sindano. Akakunja kola aliyokuwa akiishona, pembe kwa pembe.

"Baba yako anajua?"

"Bado. Naenda kumwambia sasa."

"Ngoja nivae viatu."

"Mama, si lazima. Ni aibu yangu mwenyewe."

"Sitasema neno. Nitakusindikiza tu. Njia hiyo ni ndefu ukiwa peke yako."

Walikwenda kwa miguu, bega kwa bega. Kweli Mama hakusema neno, ila mara moja, walipovuka barabara, alipomshika Geji kiwiko na kusema, "Angalia gari." Mama Mdogo hakualikwa. Hata hivyo, walipokata kona, walisikia kandambili zake nyuma yao.

*

Karakana ilikuwa na wateja wawili. Mashine ya kuchonga ilikuwa ikinguruma, na baba yake Geji alikuwa ameinama juu yake, miwani puani.

"Baba, naomba uzime mashine."

"Namalizia."

"Zima, Baba. Nikingoja sitasema."

Aliizima. Kimya kilichofuata kilikuwa na masikio: wateja wawili, mama wawili, na fundi wa jirani aliyesogea mlangoni mara tu aliposikia mashine imekatika.

Geji alisema yote. Hakuchagua maneno. Alisema silinda ilivyokuwa, alisema pistoni ya hamsini, alisema alivyosoma namba mara tatu, alisema alivyogeuka. "Mdanganyifu ni mimi," alimaliza. "Jumamosi nitasimama mimi. Wanifute mimi."

Alingoja radi. Baba yake alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Kaa chini," alisema.

"Nitasimama."

"Basi mimi nitakaa." Akavuta ndoo, akaketi. Ghafla alionekana mzee. "Ulipomaliza kupima, niliichukua ile silinda nikamulika ndani kwa tochi. Kila fundi akisugua silinda kwa jiwe anaacha mistari yake. Yako inalalia upande ambao hakuna mwingine anayelalia, kwa sababu unatumia mkono wa kushoto. Nilikufundisha mimi. Ukiwa na miaka kumi na minne nilijaribu kukubadilisha mkono, nikashindwa." Sauti yake ilipungua. "Nilijua ni wewe tangu Jumapili."

Geji alimsogelea hatua moja. "Ukamwacha aitwe mwizi?"

"Nilisema moyoni, atasema mwenyewe. Hukusema. Jumatatu nikasema, atasema leo. Halafu..." Alimtazama mama yake Mkate, mara moja tu, akashusha macho. "Halafu nikaona imenifaa. Sikumtaka yule kijana. Nikapata sababu, nikaikumbatia. Ule ujumbe niliotuma kwenu, Mama, niliutuma nikijua ni uongo."

Mzee aliinama. Geji alikuwa hajawahi kuona kichwa cha baba yake kikiinama mbele ya mtu. Alikuja akidhani aibu ni yake peke yake, kumbe nyumba nzima walikuwa wakila nayo meza moja kwa siku nne, kila mtu akidhani mwenzake haioni.

"Mimi nimekuja kumsindikiza tu," alisema mama yake Mkate hatimaye. "Ya kusema na mwanangu, utamwambia mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Nje," alidakia Mama Mdogo, ambaye hakuwa ameahidi kunyamaza. "Nimempigia simu tukiwa njiani. Mnadhani nilikuwa nyuma nahesabu mawe?"

Alikuwa nje kweli, mguu mmoja chini, baiskeli imelala pajani, kreti za mikate ya jioni nyuma yake zikitoa mvuke. Mzee alitoka. Alinyoosha mkono, akauona umejaa grisi, akaukunja ngumi, akampa kifundo cha mkono kama wafanyavyo mafundi. Mkate alikitazama kile kifundo. Wateja wote wawili walikuwa wamesogea mlangoni.

"Jumamosi tutasimama wawili," alisema mzee. "Mimi na binti yangu. Kibanda tutakirudisha. Nimekukosea, kijana. Nimekukosea nikiwa na akili zangu timamu."

Mkate alimshika kile kifundo kwa mikono miwili. "Yamepita, Mzee."

"Hayajapita. Lakini asante."

Akarudi ndani, akipita katikati ya watu bila kumtazama yeyote. Mama akawavuta wengine kwa macho, hata Mama Mdogo, ambaye alitaka sana kubaki.

Geji alisimama kwenye ngazi moja ya karakana. Kila kitu mwilini kilimwambia atazame chini. Alimtazama Mkate usoni. Ilikuwa vigumu kuliko kusema mbele ya baba yake. Uso ulimwaka, machozi yakatiririka wazi, fundi wa jirani akiona, wapita njia wakiona, naye hakuyafuta.

"Watakufungia," alisema Mkate.

"Mwaka mzima. Pengine miwili."

"Basi utakuwa unanitazama ukiwa nje ya kamba, kama wake za wenzangu."

"Wake?"

"Ulimi umeteleza." Lakini hakuurudisha.

Geji alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. "Bado naona haya," alisema. "Hayajaondoka. Nilidhani nikisema yataondoka."

Mkate alifunua kreti ya juu, akatoa mkate mmoja uliobonyea pembeni, usiouzika, akamwekea mikononi. Ulikuwa bado wa moto.

"Ona tu haya," alisema. "Mimi sina haraka."